Mwalimu Aliyeogopa Soketi

Akiingia nyumbani kwa mtu, Mwalimu hakuketi mara moja. Alisalimia, akavua kofia yake ya sufu, kisha akapita ukutani akigusa soketi moja baada ya nyingine kwa mgongo wa kiganja, kama mama anayempima mtoto homa. Mwenye nyumba alisubiri hukumu. Soketi ikiwa baridi, Mwalimu alikaa na kupokea chai. Ikiwa na uvuguvugu, alichomoa waya bila kuomba ruhusa, na watu wakabaki kutazamana.

Kwetu Makambako wapo waliomwita Mwalimu Soketi, lakini akiwa hayupo. Mbele yake alikuwa Mwalimu tu, kwa sababu alifundisha fizikia miaka mingi katika shule moja ya bweni upande wa Njombe kabla ya kuhamia kwetu. Kwa nini aliacha shule wakati umri wa kustaafu ulikuwa bado, hakuna aliyemuuliza. Alikuwa na uso ambao haukukaribisha maswali ya namna hiyo.

Nilimfahamu kwa sababu ya ukuta. Ofisi yangu ya kuchora ramani za nyumba ilikuwa mtaa wa nyuma ya barabara ya Songea, naye alipanga vyumba viwili upande wa pili wa ukuta uleule. Alitengeneza pasi, redio na jiko la umeme la yeyote aliyemletea. Alisikia kila kitu kilichotokea ofisini kwetu, na sisi tulimsikia akikohoa.

Vyumba vyake vilikuwa gumzo la mtaa. Makambako ni mji wa njia panda. Malori yanalala, wasafiri wanashuka, na wezi nao wana ratiba yao. Kila nyumba ina nondo madirishani, na mwenye uwezo anaongeza na geti la chuma mlangoni. Mwalimu alipohamia alimwomba mwenye nyumba ruhusa ya kung'oa nondo zote. Usiku hakufunga komeo. Mara moja mwizi aliingia akaondoka na redio na blanketi. Asubuhi tulikwenda kumpa pole, na jirani mmoja akamwambia, "Sasa umeona, Mwalimu."

"Nimeona," alijibu. "Nimeona kwamba dirisha linapitika."

Tulidhani anatania. Baadaye nilijifunza kwamba hakuwa na utani wa aina hiyo.

Kanisani alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, hata sikukuu ambapo wazee walimpungia mkono aje mbele. Kwenye harusi alikula amesimama. Siku moja tulikwenda Njombe mjini kushughulikia kibali cha ujenzi cha mteja wangu, mvua ikatukamata tukalazimika kulala. Alikataa nyumba za wageni mbili kwa sababu vyumba vilivyobaki vilikuwa ghorofani. Kwenye ya tatu alikubali chumba kilichopakana na banda la kuku, chenye harufu, kwa kuwa dirisha lake lilifunguka hadi mwisho.

Na mtu huyohuyo, asubuhi yake, mabasi yalipochelewa, alipanda juu ya lori la mbao. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi huoni mti wa ng'ambo ya barabara. Lori lilikwenda kama linafukuzwa, mbao zikicheza chini yetu, mimi nimeng'ang'ania kamba na kusali. Mwalimu alikaa juu ya mzigo amekunja miguu, anakula karanga.

"Huogopi, Mwalimu?" nilimuuliza.

"Hapa naogopa nini? Nikianguka, naanguka peke yangu."

Sikumwelewa. Nilichukulia kuwa ni moja ya misemo yake. Alikuwa nayo mingi, na yote ilihusu umeme. "Umeme hauna mwenyeji." "Waya ukinuka, usimuulize fundi, ukimbie." Alisema maneno hayo kwa sauti ya chini na bila kutabasamu, ndiyo maana watoto wa mtaa waliyaogopa kuliko hadithi za majini.

Ugomvi wetu wa kwanza ulihusu nondo. Alikuja ofisini kurudisha jagi, akainama mbele ya kompyuta yangu nilipokuwa namalizia nyumba ya vyumba vinne.

"Moto ukianzia hapa jikoni," alisema akigusa kioo, "huyu anayelala hapa anatokea wapi?"

"Mlangoni."

"Mlango uko upande wa moto, binti."

"Basi dirishani, Mwalimu."

"Umechora nondo."

"Mteja ndiye anayezitaka. Kuna wezi."

"Mwizi anachukua redio," alisema, akaweka jagi mezani na kuondoka bila kuaga.

Nilikasirika. Mtu anatengeneza pasi, ananifundisha ramani? Lakini nilipoendelea kuchora, kila nilipofika kwenye chumba kile cha nyuma niliona mtu amelala humo, na mkono ukawa mzito kwenye mausi. Tangu hapo kila chumba cha kulala ninachokichora kina dirisha moja lenye nondo zinazofunguka kwa ndani. Wateja wengine wananung'unika. Nawaambia ndiyo utaratibu wa ofisi.

Habari ya kadi ya grafiksi ilianza na wateja haohao. Zamani mtu aliridhika na ramani ya mistari kwenye karatasi. Kisha parachichi na mbao zikawapa watu wa Njombe uwezo wa kujenga, nao wakaanza kutaka kuiona nyumba kabla ya msingi: picha ya 3D, jua likipiga kwenye vigae, gari limesimama uani. Kompyuta yangu ilikuwa ya mtumba, iliyotoka katika ofisi ya mtu huko Dar. Haikuwa na kadi ya grafiksi, ile inayoichorea kompyuta picha. Nikiiagiza picha moja asubuhi, ilihangaika hadi mchana, kisha ikaganda, nami nikaanza upya. Mteja mmoja mkubwa, mwenye shamba la miti na kiwanja kizuri Njombe, alinipigia simu akaniambia asipoiona nyumba yake kabla ya juma kwisha, anakwenda kwa mchoraji wa Iringa.

Faraja, mwenzangu wa ofisi aliyeshughulika na kupima viwanja na kuchapa ramani, alisema, "Tununue kadi ya grafiksi. Jamaa wa vifaa vya kompyuta karibu na soko amepokea mzigo."

Mwalimu alikuwa amesikia kupitia ukutani. Tulipotoka tulimkuta mlangoni amevaa koti.

"Kadi inakwenda kula umeme wa nani?" aliuliza.

"Wa kompyuta, Mwalimu."

"Kompyuta inao?"

Tukaenda naye.

Muuzaji alikuwa mchangamfu, mtu wa kukukumbuka jina. Alitoa kadi kubwa yenye feni mbili, nzuri kwa macho, bei ya chini kuliko tulivyotarajia. Faraja aliipenda palepale.

"Hii ilikuwa inafanya kazi gani kabla haijaja huku?" Mwalimu aliuliza.

"Gemu tu, mzee wangu. Kijana mmoja alikuwa anacheza gemu."

Mwalimu aliigeuza, akaisogeza puani, akanusa kwa muda. Kisha akanionyesha mgongo wake. Palikuwa na mafuta mepesi yaliyochuruzika na kukauka, na sehemu moja ya ubao ilikuwa imebadilika rangi kama mkate ulioachwa kwenye tanuri.

"Kijana huyo alikuwa halali usingizi?" aliuliza kwa upole.

Muuzaji alicheka, akaanza kupanga vitu ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

"Hizi wanazifungia chumbani kuchimba sarafu za mtandaoni," Mwalimu alituambia. "Usiku na mchana, miezi na miezi. Inaweza ikafanya kazi miaka mingine mitatu, inaweza ikafa Jumatatu. Lakini hiyo siyo ninayoiogopa. Kadi ikifa, imekufa. Ninayoiogopa ni itakayoilisha."

Muuzaji aliona biashara inamponyoka. Akavuta kutoka chini ya meza pawa saplai mpya, kile kisanduku kinachoilisha kompyuta umeme, ndani ya boksi lenye picha ya radi. "Hii nawapa bure kabisa. Wati mia saba. Inaendesha hata kadi mbili."

Mwalimu alinipa niishike. Ilikuwa nyepesi kama kopo tupu.

"Umeona uzito wake?"

"Imeandikwa wati mia saba, Mwalimu," alisema Faraja.

"Karatasi haikatai kalamu." Alisogeza kidole kwenye maandishi madogo ubavuni. "Namba kubwa ni ya kukuita dukani. Tazama mstari huu wa volti kumi na mbili. Kadi inakula hapa, kwingine haili. Hesabu ya mstari huu haifiki hata nusu ya ile waliyoiandika juu. Sasa kadi itadai, na huyu atajitahidi. Atajitahidi leo, atajitahidi kesho, anapata joto. Ndani hamna sumaku ya maana, hamna kinga ya maana. Siku akishindwa hatasema nimeshindwa."

Alipofika hapo nilimwona anahamisha ile pawa saplai kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, kisha anaiweka chini haraka, mbali na mwili wake.

Mwishowe alichagua kadi ambayo Faraja aliionea aibu: ndogo, ya feni moja, ya miaka ya nyuma kidogo, isiyo na tundu la waya wa ziada. Ilikunywa umeme uleule iliopewa na ubao mkuu wa kompyuta, basi. Aliuliza ukubwa wa kumbukumbu yake, akaniuliza nyumba zangu zina vyumba vingapi na miti mingapi, akasema itatosha, itachelewa kidogo tu. Pawa saplai alikataa kuinunua pale. Aliagiza Dar kwa mwanafunzi wake wa zamani, ya wati za wastani, ya kampuni inayojulikana, nayo ililetwa na basi. Bei yake iliizidi ya kadi.

"Mwalimu, hii ya watoto," Faraja alilalamika njiani, ameshika kile kikadi. "Na hela yote imekwenda kwenye boksi la kufichwa ndani."

"Anayekuuzia kadi anakuuzia picha," alisema Mwalimu. "Anayekuuzia pawa saplai anakuuzia usingizi."

Siku za kungoja basi zilikuwa za wasiwasi. Mteja alipiga simu, nikamdanganya umeme umekatika. Mwalimu alitukataza katakata tusiijaribu kadi kwa pawa saplai ya zamani, hata dakika moja. Mzigo ulipofika alifunga kila kitu mwenyewe, akapuliza vumbi kwa brashi, akavuta kila waya kuona kama umekaa. Kisha akatutoa nje. Nilichungulia dirishani. Alisimama ubavu-ubavu, uso ameugeuza, akabonyeza swichi kwa kipande cha ubao. Midomo yake ilikuwa inacheza. Feni ilipozunguka hakufurahi. Aliweka kiganja nyuma ya kompyuta penye upepo, akakaa hivyo mpaka nikachoka miguu.

"Inapumua," alisema hatimaye. "Ingieni."

Nyumba ya mteja wangu ilitoka kabla ya chakula cha mchana, paa lake la kijani, mwanga kwenye vigae vya baraza. Mteja aliitazama kwenye simu yake, akaenda kumwonyesha mkewe, na siku ile ile akanipa na kazi ya nyumba ya mama yake.

Faraja, baada ya miezi kadhaa, alirudi kwa muuzaji. Naye alikuwa na wateja wake wa kuchapa mabango, alitaka mashine ya nguvu. Aliichukua ile kadi ya feni mbili pamoja na pawa saplai ya bure. Mwalimu alisikia mlio mpya ukutani, akaja kuuliza. Faraja akamwambia ni feni ya kawaida. Akaifunika kompyuta kwa kitambaa ili mzee asiione, nami nikanyamaza, kwa kuwa ilikuwa inafanya kazi vizuri, na kwa kuwa Faraja alikuwa mtu mzima.

Alasiri moja mvua kubwa ilishuka. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, taa zikang'aa kupita kawaida. Ukatoka mlio kama wa kofi chini ya meza ya Faraja, kisha moshi mweupe, kisha harufu kali ambayo bado naisikia nikipita kwenye gereji. Kitambaa kilishika moto. Ofisini alikuwepo mteja, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, naye aliganda kitini.

Sikuona Mwalimu alipoingia. Nilihisi tu nimesukumwa. Alimtoa yule mama kwa kumbeba kiunoni, pamoja na mtoto wake, akamvuta Faraja kwa kola, akashusha swichi kuu, akarudi na ndoo ya mchanga aliyokuwa akiiweka mlangoni kwake na sisi tukaidhani ya ujenzi. Moto ulikuwa mdogo. Ulizimika. Tulisimama nje kwenye mvua, na mimi nilidhani yamekwisha.

Lakini yeye alianza kutuita majina. Alimgusa kila mmoja begani akiita. Akamuuliza yule mama jina la mtoto, akamwita mtoto. Akarudi ndani kwenye moshi. Nilimsikia anafungua choo, anasogeza meza, anafungua kabati la karatasi ambalo mtu hawezi kuingia.

"Mwalimu, tumetoka wote," nilimwita.

"Nani amehesabu?"

"Mimi."

"Hesabu tena."

Nilihesabu tena kwa sauti, mvua ikiniingia mdomoni. Alipotoka, alishika ukuta akatapika. Faraja alianza kulia, akamwambia, "Mwalimu, nilikudanganya." Mwalimu hakumkaripia. Alimshika mikono yote miwili, akaigeuza, akaitazama viganja, kisha akaenda chumbani kwake na hakutoka hadi kesho yake.

Nilitaka kumuuliza. Sikuthubutu. Nilipomwona tena alikuwa anaongelea bei ya nyanya.

Kifua chake kilizidi kumsumbua. Akahamia Njombe kwa dada yake, akawa anakwenda hospitali ya Ikonda kutibiwa, na tukawa tunasalimiana kwa simu. Sauti yake ilikuwa inapungua. Kila mara aliuliza, "Lile boksi la umeme, umelisafisha vumbi?"

Kisha asubuhi moja ya kiangazi, upepo wa Makambako ukipeperusha mapazia, alitokea mlangoni na fimbo. Alikuwa amekonda, koti limemzidi. Alisalimia, "Kamwene," akakaa. Hakugusa soketi hata moja. Hilo ndilo lililonitisha.

"Nataka unichoree jengo," alisema.

"Unajenga, Mwalimu?"

"Hapana. Liliungua."

Akanieleza, akitazama sakafu. Lilikuwa bweni la wasichana, pale shuleni. Baridi ya Juni. Mabinti walificha hita ya kuchemshia maji chini ya kitanda, ya rahisi, waya wake mwembamba. Yeye alikuwa mwalimu wa zamu. Mlango wa nyuma ulifungwa kwa kufuli kuzuia wavulana wa kijijini, madirisha yalikuwa na nondo. Aliwatoa kwa mlango wa mbele. Wakamwambia tumetoka wote, wakiwa wanalia na kukimbia huku na huku. Akarudi mlangoni kutazama. Hakuona mtu. Kitanda cha mwisho kilikuwa na msichana mmoja mgonjwa, wa kidato cha pili.

"Nilisimama mlangoni nikatazama," alisema. "Tangu siku hiyo sijui kama sikumwona au sikutazama. Wewe mashine yako inaweza kuweka jicho mahali mtu aliposimama. Liweke."

Nilijaribu kukataa. Nilisema kifua chake, nilisema safari, nilisema dada yake atanilaumu. Alikaa tu. Basi nikawasha.

Alinitajia vipimo bila kusita: upana wa korido, urefu wa dirisha, ukuta mfupi uliogawa sehemu ya matranka, vitanda vya chuma viwili-viwili. Nilichora, yeye akisahihisha. Faraja alitoka nje, hakuweza kusikiliza. Kadi ilipoanza kazi, feni ilipanda, na picha ikaanza kujitokeza kwa vipande, kuanzia dari. Nilitamani igande kama zamani. Nilifikiri: nikigeuza jicho hili na kitanda kikaonekana, huyu mzee atakufa kwenye kiti changu.

Niligeuza. Kutoka mlangoni palionekana korido, vitanda vya karibu, na ukuta wa matranka. Kitanda cha mwisho hakikuonekana.

Pumzi ilinitoka. Yeye hakupumua kama mimi.

"Ukuta huu umeuweka ulipokuwa?"

"Nimeuweka uliponiambia, Mwalimu."

"Sogea hatua moja ndani."

"Mwalimu."

"Moja tu, binti."

Nilisogeza. Kitanda cha mwisho kikatokea nyuma ya ukuta, chote, mto na blanketi.

Alikitazama kwa muda mrefu. Upepo ulikuwa unagonga bati. Mwishowe alisema jina, "Edina," kwa sauti ya mtu anayeita darasani. Kisha akaniomba nizime, nami nikazima.

"Mama yake yuko hai," alisema. "Kule njia ya Liganga. Sijawahi kwenda."

"Ungemwambia nini?"

"Sikujua. Sasa najua. Nitamwambia hatua moja."

Nilimwambia asiende. Nilimwambia kuna mambo ambayo mzazi hahitaji. Akasema, "Ni lake, siyo langu." Dada yake naye alishindwa kumzuia. Faraja ndiye aliyetuendesha, kwa gari lake, na hakuna aliyewasha redio. Barabara ilishuka na kupanda, na kadiri tulivyokaribia Mwalimu alizidi kunyooka kitini, mikono juu ya magoti, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Mimi nilikuwa naogopa yule mama atapiga kelele, nitashindwa la kufanya. Naye, nafikiri, aliogopa kwamba hatapiga.

Tulimkuta uani amekaa kwenye mkeka anapura maharage. Mwanamke mfupi, kitambaa cheupe kichwani. Alimtazama Mwalimu akishuka kwenye gari, na kabla hatujasalimia akajifuta mikono, akasimama.

"Wewe ni mwalimu wa zamu," alisema.

"Ndiye mimi, mama."

Alituletea viti. Mwalimu hakukaa. Alivua kofia, akaanza, "Mama, siku ile nilisimama mlangoni..."

Yule mama aliinua mkono.

"Mwalimu, nimekuogopa miaka yote. Gari likisimama pale barabarani nasema ndiye huyo, amekuja kuniambia mwanangu alikufaje. Nakuomba usiniambie. Sitaki kubeba na hilo."

Nilimwona Mwalimu anatafuta kitu cha kushika, nikamsogezea kiti, akakaa.

"Lakini hakuna aliyewahi kuja kuniambia alikuwaje darasani," mama akasema, akikaa tena kwenye mkeka. "Nyumbani namjua. Kule simjui. Hilo niambie."

Mwalimu aliizungusha kofia mikononi, na hofu yangu ikabadilika: kwamba hakumbuki, kwamba miaka yote amekikumbuka kitanda tu. Alikohoa, akafuta mdomo.

"Alikuwa haniamini," alisema polepole. "Nikiandika kitu ubaoni, ananyoosha mkono. Anasema, 'Mwalimu, hilo umeliona mwenyewe, au umesoma?'"

Mama alifunika mdomo kwa kiganja. Mabega yalimtikisika, na ilinichukua muda kutambua kwamba anacheka.

"Ndiye huyo," alisema. "Ndiye huyo kabisa. Endelea, Mwalimu."